Neno Chini ya Lipu

Barua ililetwa na mtu wa pikipiki Jumatatu asubuhi, mimi nimepiga magoti juu ya jiwe la watu, tindo mkononi, nachimba tarehe. Bahasha ya ofisi naijua hata kabla sijaifungua. Huwa nyembamba. Wakubwa hawahitaji maneno mengi kukuharibia siku.

Ilisema jiwe la kaburi la mke wangu, mstari wa tatu, lina neno lisiloruhusiwa. Nilitoe ndani ya siku saba. Nisipolitoa, ofisi ya makaburi italing'oa jiwe lote na kulivunja. Chini palikuwa na muhuri, na juu ya muhuri sahihi ya Mkuu wa Mji mwenyewe, ile sahihi yake yenye mkia mrefu kama panya.

Mstari wa tatu niliuchonga kwa mkono wangu. Unasema: ALIKUWA MMOJA WA MUJAHIDINA.

Niliweka tindo chini. Miaka arobaini nachonga mawe ya wafu wa watu, na jiwe moja tu lilikuwa langu. Sasa wanataka na hilo.

Mtu asiyejua kazi yetu atasema, neno moja tu, si ulifute? Jiwe si ubao wa shule. Herufi iliyochimbwa haifutwi. Ukitaka iondoke, unaushusha uso wa jiwe lote mpaka ufike chini ya herufi, na ukifika huko, jina limekwenda, tarehe zimekwenda, mtu mzima amekwenda. Ndivyo walivyokuwa wananiagiza, ila wenyewe hawakujua. Hawajawahi kushika kitu kizito kuliko kalamu.

Wageni walipoingia nchini na vifaru vyao, mke wangu, wakati huo bado si mke wa mtu, alikuwa anasomea uuguzi. Siku ya pili ya vita aliacha viatu vya chuo mlangoni kwao, akavaa vya kaka yake, akapanda milimani na wapiganaji. Alikaa huko miaka mitatu. Bunduki aliibeba, lakini mwenyewe alisema kilichomvunja mgongo si bunduki, ni sufuria ya kuchemshia bandeji. Alishona watu kwa uzi wa magunia. Mimi nilibaki mjini nikichonga mawe, na kazi haikukosekana.

Siku zile neno hilo lilikuwa tamu kama asali. Redio ya taifa haikutoa taarifa bila kusema "mujahidina wetu." Watoto wakicheza vita, kila mmoja alitaka kuwa mujahidi, wakakosa wa kuwa adui, ikabidi wampe kazi hiyo mbuzi. Wakubwa walilitia neno hilo hata kwenye tangazo la kukatika maji: wananchi wavumilie kama mujahidina wanavyovumilia. Ukilisikia hivyo, ungedhani wao ndio waliolala porini.

Vita vikaisha, wageni wakaondoka. Miaka ikapita. Wakatokea watu wengine, hatujui walikotoka, wakalipua soko letu saa nne asubuhi, wakaacha karatasi wamejiita jina lilelile. Mke wangu alirudi kutoka hospitali jioni, viatu vyake vina damu ya wauza nyanya. Akaketi jikoni, hata kitambaa cha kichwa hakuvua.

"Wameniibia jina langu," akasema.

Nikamwambia jina ni jina tu, mama watoto, pumzika. Akanitazama mpaka nikajuta.

"Hilo neno ndugu zake ni juhudi na jitihada," akasema. "Mujahidi ni anayejikaza kwa ajili ya haki, na wa kwanza wa kumkaza ni yeye mwenyewe, asidhulumu. Kule juu tulikuwa na amri. Asiyepigana haguswi. Mwanamke haguswi, mtoto haguswi. Mateka anakunywa maji kabla yako. Aliyevunja amri alishushwa mlimani, bunduki ikabaki kwetu. Sasa huyu anayelipua fungu la nyanya, hata akijiita malaika, ni nani?"

Na wakubwa je? Badala ya kuwakamata wezi, wakalikamata neno. Redio ikaanza kulitema kama mfupa wa samaki. Waliokuwa milimani, wenye makovu, wakawa wanaitwa ofisini kuulizwa maswali na vijana waliozaliwa baada ya vita. Mke wangu aliulizwa mara mbili. Mara ya pili alimwambia mmoja wao, "Mwanangu, huo mguu wa baba yako unaochechemea, nani aliushona?" Yule kijana akafunga faili.

Alikufa mwaka jana. Alikufa katika hospitali aliyoitumikia miaka thelathini, kwa kukosa mashine ya kupumulia iliyokuwa kwenye kreti stoo, mita hamsini kutoka kitandani pake, kwa sababu mkubwa wa kusaini kreti ifunguliwe alikuwa safarini. Sitaki kulizungumza sana hilo. Nikilizungumza tindo hukosa mstari, na mstari ndio chakula changu.

Siku mbili kabla, alinishika kidole. "Nichongee neno langu," akasema. "Usiwaachie wale wawili."

"Wawili gani?"

"Wenye mabomu na wenye mihuri."

Basi nikachonga. Na sasa wenye mihuri walikuwa wamenifikia.

Binti yetu alikuja jioni ile ile. Naye ni muuguzi, hospitali ya serikali, kamrithi mama yake mpaka mwendo. Alisoma barua akiwa amesimama.

"Baba, litoe."

"Nilitoe?"

"Mama anajulikana. Watu wote wanajua alikuwa nani. Jiwe likivunjwa utabaki na nini? Na mimi wataniuliza kazini, unajua wataniuliza."

"Mama yako hakuogopa vifaru, wewe unaogopa karatasi."

"Vifaru havikuwa vinamlipa mshahara, Baba," akasema, akachukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka. "Na wewe hukupanda mlimani. Usimpigie mtu kelele za mlima."

Lilinichoma, kwa sababu ni kweli.

Jumanne nilikwenda ofisi ya makaburi. Iko chumba cha chini katika jengo la Mkuu wa Mji, mkono wa kushoto ukiingia. Ofisa wa hapo tunamwita Bwana Mihuri, kwa kuwa mezani ana mihuri kumi na moja, ameipanga kwa urefu kama watoto wa shule. Nilimweleza habari ya mke wangu tangu mwanzo. Alisikiliza huku akifuta muhuri mmoja kwa kitambaa.

"Pole sana, mzee wangu. Lakini sheria ni msumeno."

"Msumeno hukata mbele na nyuma. Huu wenu mbona unakata upande wangu tu?"

"Fundi, hilo ni neno la magaidi."

"Redio yenu ililisema miaka mitatu asubuhi na jioni."

"Redio ni redio. Ofisi hii haijawahi kulitumia neno hilo. Haijawahi. Nenda kwenye majalada yote. Ukiniletea karatasi moja yenye muhuri wetu na neno hilo, mimi mwenyewe nitaichana barua hii."

Alisema hivyo akitabasamu, maana majalada aliyachoma mtangulizi wake, mji mzima uliona moshi.

Nikatoka. Nikasimama nje ya mlango mkuu kuvaa kofia, na macho yangu yakaenda kwenye ukuta wa kulia, chini ya kipaa cha mbele. Ukuta mweupe, lipu safi, tangazo la usafi limebandikwa pembeni. Nikasahau kuvaa kofia.

Jengo lile halikujengwa liwe ofisi. Lilijengwa mwaka mmoja baada ya vita, liwe nyumba ya matibabu ya wapiganaji waliorudi hawana mguu au hawana macho. Wakubwa walikaa humo "kwa muda" wakati ofisi yao inapakwa rangi. Rangi hiyo haijakauka mpaka leo. Na pale kulia kwa mlango palikuwa na jiwe la ufunguzi. Jiwe jeusi, kimo cha mtoto wa miaka kumi. Nalijua kwa sababu nililichonga mimi.

Na nitasema jambo ambalo watu wengi hawalijui. Wakati nalichonga, nilikuwa sijui kusoma. Shule niliishia darasa la pili, baba akafa. Nilikuwa nachora herufi kama mtu anavyochora maua: naletewa karatasi, nanakili. Siku moja wapiganaji walimtuma mmoja wao, mwanamke mwembamba aliyevaa viatu vya kiume, aje kuangalia kazi. Akanyoosha kidole kwenye jiwe.

"Hapa pameandikwaje?"

"Pameandikwa vizuri," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaja kila siku baada ya saa kumi, akanifundisha kusoma kwa kunipitisha kidole ndani ya herufi zangu mwenyewe. Neno la kwanza nililolisoma peke yangu duniani lilikuwa kwenye jiwe lile. Mnajua ni neno gani. Mwezi wa nne tukaoana.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi Lipu. Ni mwenzangu wa siku nyingi, amepiga lipu nusu ya mji huu, na nusu ya nusu hiyo ina nyufa. Nilimkuta anakoroga saruji kwa mguu.

"Lile jiwe la mlangoni kwa Mkuu," nikasema. "Mlilitoa?"

Akaacha kukoroga. "Nani anauliza?"

"Nakuuliza mimi. Mlilitoa au mlilifunika?"

"Kulitoa kungehitaji kuvunja ukuta. Ilikuwa baada ya bomu la sokoni, na mgeni wa juu alikuwa anakuja saa saba mchana. Niliitwa saa nne. Wakasema, funika." Alijifuta uso kwa mkono, akajipaka saruji. "Nilifunika."

"Ulijaza herufi kwanza, ukaacha zikauke, ndipo ukapaka juu?"

"Kwa muda gani? Nilipaka mara moja, safu nyembamba, kama siagi ya maskini. Mkuu mwenyewe kasimama nyuma yangu anatazama saa."

Nilimkumbatia, na saruji yake. Akadhani nimechanganyikiwa.

Kila fundi wa lipu anajua kosa lile, na kila mmoja amewahi kulifanya akiwa na haraka. Ukipaka safu moja juu ya jiwe lenye herufi, juu ya uso wa jiwe lipu inakuwa nyembamba, lakini ndani ya herufi inakuwa nene. Ikikauka yote, huoni kitu. Ukiilowesha, nyembamba hukauka upesi, nene hubaki na maji. Pale chini ya kipaa mvua haifiki, ndiyo maana miaka yote ukuta ulikuwa umenyamaza.

"Usinitaje," Fundi Lipu akasema.

"Sitakutaja. Ila Alhamisi uje na ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Ukuta wa serikali ni mchafu. Nataka kuuosha. Kuosha ukuta ni kosa?"

Alifikiri kidogo, kisha meno yake yote matano yakaonekana.

Alhamisi ni siku ya Mkuu kusikiliza wananchi. Anatolewa kiti chake nje mbele ya mlango, saa tatu, na watu wanapanga foleni uani. Wengi hurudi na walichokuja nacho. Nilikuwa namba kumi na tisa. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja mkunga mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, amekuja kulalamikia bomba. Fundi Lipu alisimama nyuma na ndoo yake ya maji, anajifanya hanijui, na kwa kujifanya kule kila mtu akajua kuna jambo.

Zamu yangu ilifika jua likiwa limeingia barabara chini ya kipaa, linaupiga ukuta.

"Mheshimiwa," nikasema, "nimepata barua yako. Nina swali moja, sina mengine."

"Uliza, mzee."

"Ofisi yako imewahi kulitumia neno mujahidina kwa heshima?"

Mkuu ni mtu mkubwa wa mwili, sauti yake huanzia tumboni. "Kamwe," akasema, ili uani wote usikie. "Ofisi hii haijawahi, na mimi binafsi sijawahi. Neno hilo ni la wauaji. Kesho usipolitoa, jiwe litavunjwa."

"Siku saba zinaisha Jumatatu."

"Nimesema kesho."

Kama lipu ile ilikuwa nene kuliko Fundi Lipu alivyokumbuka, basi kesho mke wangu angevunjwa, na mimi ndiye niliyemharakisha. Nilichukua ndoo ya Fundi Lipu. Nikaumwagia ukuta maji, kuanzia juu.

"We mzee! Unafanya nini?" Bwana Mihuri alitoka mbio.

"Naosha."

"Mshikeni!"

Askari wa mlangoni alinishika mkono, kwa adabu, kwa sababu jiwe la baba yake nililichonga mimi. Ndoo moja ilikuwa imelowesha nusu tu. Nikamtazama Fundi Lipu. Mikono yake mitupu, hakuleta ndoo ya pili. Ndipo nikasikia viatu nyuma yangu, mwendo ninaoujua miaka yote ya ndoa yangu. Nikageuka. Binti yangu, na sare yake nyeupe ya kazi, ndoo imejaa kutoka bomba la uani, inamwagikia mguuni.

"Baba, sogea," akasema.

Akamwaga nusu iliyobaki. Kisha akaweka ndoo chini, akasimama kando yangu mbele ya mwajiri wake.

Ukuta wote ukawa kijivu, sawasawa, hauna kitu. Mtu mmoja akacheka. Mkuu akasema, "Haya, mmeosha. Mwondoeni."

"Ngoja kidogo, Mheshimiwa," Fundi Lipu akasema kutoka nyuma, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Lipu yangu naijua. Ngojeni ikauke."

Tukangoja. Jua lilikuwa kali. Ukuta ukaanza kupauka kuanzia pembeni, kama uso wa mtu aliyeshtuka, na katikati pakabaki mikwaruzo myeusi. Mikwaruzo ikawa mistari. Mistari ikasimama.

"Ni herufi!" mtu akapiga kelele.

Foleni ikavunjika. Watu walisogea wote, askari akaniachilia mkono ili naye aone. Yule bibi mkunga akapandisha miwani yake ya uzi, akasoma kwa sauti ya kuamrisha wazazi wasukume:

"NYUMBA HII... NI SHUKRANI... YA OFISI YA MJI... KWA MUJAHIDINA WETU... WANAUME NA WANAWAKE... HESHIMA YAO... HAITAFUTIKA."

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Watu waligonga ndoo, walipiga vigelegele, mzee mmoja asiye na mguu alikuwa anapiga gongo lake chini na kulia. Mimi nilikuwa nasoma kimyakimya neno moja tu, kwa kidole, hewani.

"Kuna mstari mwingine chini, mdogo," bibi akasema. "Hapana, si mdogo, ni mkubwa kuliko yote!"

Huo niliukumbuka vizuri. Katibu wa kamati ya ujenzi, kijana mwembamba enzi hizo, alikuja karakana kwangu mara tatu kuhakikisha jina lake halisahauliki, na akaniongezea kikombe cha chai ili herufi zake ziwe nene. Nikazichimba vidole viwili kwenda ndani. Ndizo zilizochelewa kukauka kuliko zote.

Bibi akasoma: "MANENO HAYA YAMETUNGWA NA..." kisha akasoma jina. Halafu akashusha miwani, akamgeukia Mkuu wa Mji, ambaye jina lile ni lake.

"Kumbe ulikuwa unaandika vizuri, mwanangu," akamwambia.

Mkuu alikuwa amesimama. Alitazama ukuta, akatazama watu. "Hilo," akasema, "hilo lilikuwa la wakati ule."

"Na marehemu alikuwa wa wakati gani?" bibi akauliza.

Mimi nilikuwa na hotuba tayari, nimeitunga usiku wa siku mbili, yenye kreti ya mashine ndani yake na kila kitu. Sikuitoa. Nilitoa barua mfukoni, nikamkabidhi Bwana Mihuri.

"Ulisema nikileta neno lenye alama ya ofisi yenu, utaichana mwenyewe. Karatasi sikupata. Nimeleta ukuta."

Bwana Mihuri akamtazama mkubwa wake. Mkubwa wake akatazama chini. Barua ikachanwa vipande viwili. Binti yangu akasema vinne, ikachanwa vinne. Kisha nikasema nataka nyingine, inayosema jiwe libaki lilivyo daima, kwa kuwa maneno ya mdomo ya wakubwa nimeyala miaka mingi na hayashibishi. Iliandikwa palepale, juu ya kiti cha Mkuu, mwenyewe akiwa amesimama. Bwana Mihuri aliipiga mihuri mitatu. Nikamwambia aongeze wa nne, ule mrefu.

Mwisho wa wakubwa mnaujua. Wiki iliyofuata Mkuu alitangaza kwamba ni yeye aliyeamua lipu ivunjwe, kwa kuenzi historia, na akasimama mbele ya jiwe kupigwa picha. Fundi Lipu alilipwa kuibandua lipu aliyolipwa kuipaka. Watu wa picha walinitaka nikae pembeni ya Mkuu. Nikasema nina kazi.

Nilikuwa nayo kweli. Tulikwenda makaburini, mimi na binti yangu, na kopo la rangi nyeusi na brashi nyembamba. Nilipaka mstari wa kwanza, wa pili, nikafika wa tatu. Nilikuwa napitisha kidole ndani ya kila herufi kabla ya brashi, kutoa vumbi, kama alivyonifundisha.

"Hapo pameandikwaje, Baba?" binti yangu akauliza. Hadithi ile aliijua tangu mtoto.

"Pameandikwa vizuri," nikasema.

Akacheka kicheko cha mama yake, mpaka akakaa chini kwenye nyasi na sare yake nyeupe.